Jina Mgongoni: Kanga, Majina na Watu Waliohamishwa katika Sanaa ya Lubaina Himid

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna dhana ya jina, kama inavyotumika katika lugha ya kanga, inavyoweza kutusaidia kuisoma sanaa ya Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza. Kazi inayochunguzwa zaidi ni Naming the Money ya mwaka 2004, yenye sanamu 100 za Waafrika waliohamishwa kwa nguvu na kubandikwa majina mapya. Hoja kuu ni kwamba maandishi yaliyo migongoni mwa sanamu hizo yanafanya kazi inayokaribiana sana na ile ya jina la kanga: hayaelezi kitu kilichoyabeba, bali yanamkabili anayeyasoma. Aidha, makala yanaonesha kwamba desturi ya kuwabadili majina watu waliohamishwa ina historia yake hapa pwani, na kwamba historia hiyo haiwezi kuachwa nje pale tunapomwita msanii huyu "wetu".

1.0 Utangulizi

Lubaina Himid alipotunukiwa Tuzo ya Turner mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alitajwa kote Uingereza kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika chumba cha walimu ninamofanyia kazi habari hiyo ilipokelewa kwa sentensi fupi zaidi: "Kumbe ni Mzanzibari." Kauli zote mbili ni za kweli. Zote mbili pia zinafanya jambo ambalo msanii mwenyewe amelichunguza kwa miaka mingi, yaani zinampa mtu jina kwa mahitaji ya yule anayelitoa.

Himid alizaliwa Zanzibar. Baba yake alifariki dunia mtoto akiwa bado mchanga, na akiwa na umri wa miezi minne hivi alipelekwa Uingereza na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa michoro ya vitambaa. Alisomea usanifu wa majukwaa ya tamthilia, kisha historia ya utamaduni. Mwaka 1985 aliandaa maonesho ya wasanii wanawake weusi jijini London, The Thin Black Line, ambayo leo yanahesabiwa miongoni mwa matukio muhimu katika historia ya sanaa ya nchi ile. Kwa muda mrefu ameishi na kufundisha Preston, kaskazini mwa Uingereza.

Ni vema kuondoa mapema mkanganyiko mmoja. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, imekuwa rahisi kuwaweka yeye na Himid katika kapu moja la "Wazanzibari wa ughaibuni". Gurnah aliondoka akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, akiwa na lugha, shule na kumbukumbu za mji wake. Himid aliondoka miaka kumi kabla ya Mapinduzi, akiwa hana hata neno moja la lugha yoyote. Riwaya za Gurnah zinaweza kukumbuka. Picha za Himid hazina cha kukumbuka kuhusu Zanzibar ya mwaka 1954, na kwa sababu hiyo hulazimika kutafuta. Tofauti hii si ndogo, na ndiyo inayoeleza kwa nini mmoja alishika simulizi na mwingine akashika kitambaa.

Nikiri kwamba mimi si mhakiki wa sanaa za uchoraji. Taaluma yangu ni isimu, na sehemu kubwa ya kazi ninazozizungumzia nimezitazama katika picha zilizochapishwa. Ninachokileta hapa ni zana moja tu ambayo wahakiki wa huko hawanayo mkononi, nayo ni neno letu jina.

2.0 Kuhama, kuhamia, kuhamishwa, kubebwa

Kiswahili hutumia mnyambuliko kutofautisha mambo ambayo katika mjadala wa kimataifa kuhusu uhamaji mara nyingi huchanganywa. Kitenzi hama kinamtazama mtu kutoka mahali anapoondoka. Kauli ya kutendea, hamia, inamtazama kutoka mahali anapofika. Ndiyo maana mhamaji na mhamiaji si neno moja lililokosewa tahajia, kama baadhi ya wahariri wetu wanavyoelekea kudhani. Ni mtu mmoja anayetazamwa kutoka pande mbili za safari moja. Katika hamisha na hamishwa nguvu ya kuondoka imekwisha kumtoka anayeondoka na kukaa kwa mwingine. Mkimbizi naye, kwa kuwa anatokana na kimbia, hubakiwa na chembe ya utendaji: amelazimishwa, lakini miguu ni yake.

Himid hatoshei katika lolote kati ya maneno haya. Mtoto wa miezi minne hahami wala hahamii, na si mkimbizi. Hubebwa. Kitenzi mahususi cha kumbeba mtoto mgongoni ni kubeleka, nacho kimetupa mbeleko, nguo ya kumfungia mtoto huyo, ambayo katika nyumba nyingi za pwani ni kanga tu iliyozeeka ikawa laini. Sidai kwamba Himid aliondoka Zanzibar ndani ya kanga. Sijui alivikwa nini. Ninachosema ni kwamba tunapokutana na kanga katika kazi zake za utu uzima, tusikimbilie kuiita alama ya utambulisho. Kabla ya kuwa alama ya chochote, kanga ni kitu kinachobebea watu.

Waliohamishwa ndio waliochukua nafasi kubwa zaidi katika sanaa yake. Katika picha ya mwaka 1991 iitwayo Between the Two My Heart Is Balanced, wanawake wawili weusi wamekaa ndani ya mashua baharini, na katikati yao pana rundo la ramani wanazozichanachana. Picha hiyo inajibu mchoro wa karne ya 19 wa James Tissot, ambamo askari mmoja amekaa kwenye mashua kati ya wanawake wawili. Himid amemwondoa askari na mahali pake ameweka ramani. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba neno mpaka lina kazi mbili katika lugha yetu. Kama nomino linataja mstari unaotenga nchi na nchi. Kama kihusishi linataja kikomo kinachofikiwa, kama tunaposema "kutoka Kilwa mpaka Unguja". Ramani inazifahamu kazi zote mbili. Wale waliosafirishwa bila hiari waliujua mpaka kwa maana ya pili tu, yaani pale ambapo safari ya kulazimishwa ilikomea.

3.0 Sanamu 100 na majina 200

Naming the Money ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika jumba la sanaa la Hatton, Newcastle upon Tyne. Ina sanamu 100 za mbao bapa, zilizokatwa kwa umbo na kimo cha mtu na kupakwa rangi za kung'aa. Hazitundikwi ukutani, zinasimama sakafuni, na mtazamaji hupita katikati yake kama apitaye sokoni. Zimegawanyika katika makundi kumi ya kazi: wapiga ngoma, wacheza ngoma, wachoraji, watengeneza ramani, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, watengeneza vitu vya kuchezea watoto, wafunza mbwa, na wapigaji wa ala ya nyuzi ya Kizungu iitwayo viola da gamba.

Watu hawa wametoka katika michoro ya Ulaya ya karne ya 17 na ya 18. Wafalme na matajiri wa wakati ule walipenda kuchorwa wakiwa na mtumishi Mwafrika pembeni, mwenye mavazi ya hariri, akishika sinia au kumzuia mbwa. Mtumishi huyo hakuwa mhusika wa picha. Alikuwa kama lulu na mazulia, ushahidi wa utajiri wa mwenye picha. Hapa ndipo lilipo fumbo la anwani ya kazi hii, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Kuipa Fedha Majina". Fedha hiyo ni watu wenyewe.

Kila sanamu ina maneno yake, yaliyobandikwa mgongoni mwake juu ya karatasi iliyopangwa mithili ya ankara au ukurasa wa daftari la hesabu. Maneno hayo husikika pia katika sauti iliyorekodiwa, ikichanganyika na muziki. Muundo ni uleule kwa zote: mtu anataja jina lake, anataja jina analoitwa na waliomnunua, anasema kazi aliyokuwa akiifanya kwao, anasema kazi anayoifanya sasa, kisha anataja kitu kidogo kinachomliwaza. Mistari mitano, majina mawili. Ukihesabu, sanamu 100 zina majina 200, na daftari la mwenye mali lingehifadhi nusu yake tu.

Kwa mwanaisimu jambo la kusisimua linaanza pale anapojaribu kuyaandika maneno haya kwa Kiswahili. Njia yetu ya kawaida kabisa ya kujitambulisha ni kitenzi katika kauli ya kutendwa: "Ninaitwa fulani." Tunaulizana "Unaitwa nani?" bila kumaanisha kwamba jina hilo ni la kubandikwa. Kauli ya kutendwa inamficha mtenda, na katika mazingira ya kawaida hakuna ubaya, kwa kuwa anayeita ni kila mtu: wazazi, jirani, mwalimu, mwenyewe. Lakini katika kazi ya Himid utofauti kati ya jina la mtu na jina anoloitwa ndio msumari unaoshikilia kila kitu. Ukitumia ninaitwa katika sentensi ya pili, umezifanya sentensi mbili kuwa moja na mnunuzi ametoroka. Hapana budi kutumia kauli ya kutenda yenye kiambishi nafsi: wananiita. Na hata hapo, wa- hiyo inakaa bila nomino. Msikilizaji atauliza ni akina nani. Nadhani ni haki aulize.

Ipo pia tofauti ya njeo katika sentensi ya tatu na ya nne. Mtu anayesema "nilikuwa nikichonga ngalawa" na "sasa ninafunza mbwa" hajasema kwamba alitekwa, alisafirishwa au alipigwa. Safari yote imo katika nafasi iliyopo kati ya -li- na -na-. Himid hakuchora meli wala minyororo katika kazi hii. Sarufi imemtosha.

4.0 Almasi, Feruzi, Bombay

Ingekuwa rahisi kusoma haya yote kama habari za Ulaya na Bahari ya Atlantiki, tukatikisa kichwa kwa huruma na kufunga kitabu. Historia ya majina ya pwani yetu haituruhusu. Orlando Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu utumwa na kile anachokiita kifo cha kijamii, anaonesha kwamba kumbadili mtumwa jina ni desturi iliyoenea karibu kila mahali penye utumwa, kwa sababu jina ndilo linalomfunga mtu kwa wazazi na wahenga wake. Ukitaka mtu awe wako peke yako, sharti umkate hapo kwanza.

Katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi ilikuwa desturi ya zamani kuwapa watumwa majina ya vito, manukato na baraka. Almasi, Feruzi na Marijani ni majina ya vitu vya thamani. Mabruki, Mubaraka na Faraji ni majina ya heri, ya bahati na faraja, lakini bahati inayokusudiwa ni ya mwenye kumiliki. Yanavutia sikio kuliko majina ambayo watumwa walibandikwa huko Marekani, na uzuri wake ndio unaotusahaulisha. Kumwita binadamu Almasi ni kumhesabu kwa jina la hazina. Hakuna ufafanuzi bora wa anwani ya kazi ya Himid kuliko huu, nao umekuwa ukitembea katika mitaa yetu kwa vizazi. Leo majina haya yamekuwa ya watu huru na koo zenye heshima zao, na hayapaswi kumtia mtu yeyote aibu. Hata hivyo mtaalamu wa onomastiki hawezi kujifanya hajui yalikotoka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke katika safari yao ya mwaka 1857 hadi 1859, kisha akasafiri na Speke na Grant, na Stanley, na Cameron. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na alirudi Zanzibar baada ya bwana wake kufa. Tulichambue jina lake. Sidi ni neno lililotumika India kuwaitia watu wenye asili ya Afrika. Mubarak ni jina la heri la Kiarabu. Bombay ni mji. Hakuna silabi hata moja ya Kiyao. Likisomwa kutoka kushoto kwenda kulia, jina hilo linataja jinsi wageni walivyomwona, baraka aliyotarajiwa kuileta, na bandari aliyofikishwa. Hilo ni jina lililokuwa ramani, na jina lake la kwanza halimo ndani yake.

Wala ukombozi haukurudisha majina. Watumwa waliookolewa na manowari za Uingereza na kusomeshwa Nasik, India, walirudi Afrika Mashariki wakiwa na majina ya Kikristo ya Kiingereza. Baadhi yao walikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875. Jacob Wainwright, mmoja wa waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani na ambaye alihudhuria maziko yake London mwaka 1874, alikuwa Myao pia. Tunamfahamu kwa jina lake la pili tu. Sentensi ya kwanza hatunayo.

5.0 Mji, pindo na jina

Sasa tugeukie kanga. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba kanga ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo wa mapambo unaoizunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni maandishi yaliyo ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Istilahi hizi hazikutungwa na kamati yoyote, na kwa mtu anayechunguza sanaa ya uhamisho zinashangaza kwa utajiri wake. Mji ni mahali watu wanapoishi, na katika matumizi mengine ni tumbo la uzazi. Pindo linatokana na kupinda. Mpaka hutenga, pindo la nguo huzuia uzi usifumuke. Na yale maandishi, ambayo mgeni angeyaita methali au ujumbe, sisi tunayaita jina. Hatuulizi "Kanga hii imeandikwaje?" Tunauliza "Kanga hii jina lake nani?"

Kanga yenyewe ni mhamiaji. Asili yake hutafutwa katika leso za Kireno zilizoshonwa pamoja, na Wakenya wengi bado wanaiita leso. Imechapwa India, Uingereza, Uholanzi na Japani kabla ya viwanda vyetu, kikiwamo Urafiki cha Dar es Salaam, kuanza kuichapa. Ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19 ilichukua nafasi ya vitambaa viwili vilivyokuwa vazi la watumwa: merikani, shuka nyeupe isiyotiwa rangi iliyoitwa kwa jina la nchi ilikotoka, na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili. Laura Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu Zanzibar, ameonesha jinsi wanawake waliotoka utumwani baada ya amri ya mwaka 1897 walivyoitumia kanga kujitangaza kuwa watu huru wa mji. Waliacha nguo isiyosema kitu wakachagua nguo ya rangi. Maandishi yalikuja baadaye kidogo, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha za Kirumi. Katika habari hizo hutajwa sana duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo alama yake, "Mali ya Abdulla", ingali ikisomeka kwenye kanga hadi leo.

Jina la kanga ni la namna gani basi? Si anwani, kwa kuwa anwani hueleza kilichomo. Tukitumia nadharia ya vitendo uneni iliyoanzishwa na J. L. Austin, jina la kanga ni tendo. Likishanunuliwa na kuvaliwa au kutolewa zawadi, linaonya, linashukuru, linachokoza, linaomba radhi. Rose Marie Beck, aliyeyachunguza maandishi haya kwa kina, amesisitiza utata wake: aliyevaa anaweza daima kukana kwamba alimlenga mtu. "Ni kanga tu, nimeipenda rangi yake." Utata huo si kasoro. Ndio unaomwezesha mtu asiye na mamlaka ya kusema aseme.

Lipo jambo moja ambalo wanapragmatiki hawajalipa uzito wa kutosha, nalo ni mahali jina linaposomwa. Kanga ikifungwa kiunoni, jina huangukia nyuma. Anayelisoma si yule unayezungumza naye uso kwa uso; ni yule unayempita na kumwacha. Jina la kanga husomwa mgongoni mwa mtu anayekwenda zake. Mama yangu alikuwa na msemo kwamba kanga nzuri hujibiwa ukiwa umeshafika nyumbani.

Nilipogundua kwamba maneno ya sanamu za Himid yamebandikwa migongoni, nilirudi kuzitazama upya. Mbele, sanamu hizi ni watumishi wenye rangi za kupendeza, kama walivyokuwa katika picha za mabwana zao. Mtazamaji anayeridhika na upande wa mbele anaona kile alichokiona mfalme. Ili ayapate majina, sharti azunguke, na akizunguka anajikuta amesimama mahali pa yule aliyepitwa. Anakutana na karatasi ya hesabu, ambayo ni lugha ya mwenye mali, lakini iliyojazwa maneno ya aliyehesabiwa. Kitendo uneni kinachotokea hapo hakina mlengwa aliyetajwa, kama ilivyo kwenye kanga, na kwa hiyo kila msomaji anapaswa kujiuliza kama ndiye. Wa- ya wananiita imempata mwenyewe.

Sisemi kwamba Himid aliiga kanga katika kazi hii. Inatosha kwamba sisi, tuliolelewa na nguo zinazosema kwa nyuma, tunao uwezo wa kuisoma kazi hiyo kwa namna ambayo haipatikani kirahisi kwingine.

6.0 Kanga inayosema Kiingereza

Katika kazi za baadaye uhusiano na kanga hauhitaji kukisiwa. Tangu mfululizo wa Kangas from the Lost Sample Book, wa miaka ya 2011 na 2012, Himid amekuwa akichora kanga waziwazi, akiweka pindo, mji na jina. Majina hayo ni ya Kiingereza. Katika semina yangu ya uzamili, swali hili huzua ubishi kila mwaka: je, hiyo ni kanga?

Wanaokataa wana hoja tatu, na zote zina nguvu. Kwanza, haivaliwi. Pili, haiji kwa doti, na kanga moja isiyo na mwenzake ni kipande. Tatu, lugha yake si Kiswahili, na kanga ni miongoni mwa mahali pachache ambapo Kiswahili kiliandikwa na kusomwa na wanawake wa kawaida kwa zaidi ya karne nzima bila kusimamiwa na shule. Kuiondolea Kiswahili, mwanafunzi mmoja alisema, ni kuibatiza upya.

Hoja hii ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa inarudia kwa upande wetu shtaka la kubadili jina. Hata hivyo nadhani inashindwa. Umbo la kanga limeshavuka mipaka ya lugha zamani. Lambahoany ya Madagaska ina ukingo, uwanja wa katikati na msemo wa Kimalagasi chini yake, na hakuna Mmalagasi anayehisi amevaa nguo ya kuazima. Kilichosafiri ni utaratibu: maneno mafupi, mahali palepale, yanayopata maana kamili kutokana na nani anayabeba mbele ya nani. Himid amerithi utaratibu huo bila kurithi lugha, kwa sababu alichukuliwa kabla ya lugha. Kumdai aandike Kiswahili ni kumdai kitu ambacho uhamisho wake ndio uliomnyima. Angeandika Kiswahili cha kuigiza, tungemcheka.

Hoja ya kwanza ni ngumu zaidi, na sina jibu linaloniridhisha. Kanga iliyotundikwa ukutani imepoteza ule uhuru wa kukana. Pembeni yake pana kibandiko chenye jina la msanii, mwaka, na jina la jumba la makumbusho linaloimiliki. Hakuna anayeweza kusema "ni kanga tu". Kwa maana hii ukuta umeigeuza kanga kuwa anwani, na tendo limepoa. Ni sanamu za mwaka 2004, ambazo hazijiiti kanga hata kidogo, zinazohifadhi tendo hilo vizuri zaidi, kwa kuwa zinasimama sakafuni pamoja na watu na kuwapa mgongo.

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wa semina hiyo zoezi la kuandika kwa Kiswahili maneno ya mtu mmoja wa kubuni, kwa kufuata muundo wa mistari mitano ulioelezwa katika sehemu ya 3.0. Nilitaka tu waone tatizo la ninaitwa na wananiita. Mwanafunzi mmoja, ambaye jina la ukoo wake ni mojawapo ya majina ya vito niliyoyataja hapo juu, alikuja ofisini kuuliza kama anaruhusiwa kutumia jina hilo, na kama anaruhusiwa, aliweke katika sentensi ya kwanza au ya pili. Nilimwambia aamue mwenyewe. Karatasi aliyoiwasilisha ilikuwa na jina hilo katika sentensi ya pili, na katika sentensi ya kwanza, baada ya maneno "Jina langu ni", palikuwa na nafasi tupu. Niliisahihisha, na nafasi hiyo nikaiacha kama ilivyo.